Shajara ya mradi: maneno ya ushuru wa mapato kwa vijana wa saiba, Mombasa

Huku kwetu Mombasa, anayejaza ritani (taarifa ya mapato na ushuru ya kila mwaka) ya mwananchi wa kawaida si mhasibu. Ni kijana wa saiba, yaani duka la intaneti. Mteja anaingia na P9 (karatasi ya mwajiri yenye mshahara na ushuru wa mwaka) iliyokunjwa mara nne, anataja PIN yake (namba ya mlipa ushuru), analipa shilingi mia mbili, anatoka na risiti. Kijana mwenyewe hajafunzwa ushuru na mtu. Amejifunza kwa kuangalia mwenzake anabonyeza wapi. Mimi ni mhasibu, na kila Julai jamaa na majirani huniletea ritani zilizokwenda kombo. Safari hii nimeamua kuanzia upande wa pili: nikae na wanaojaza kabla msimu haujapamba moto, tukubaliane maneno machache na utaratibu mmoja wa hesabu.

Naandika hatua kwa hatua ili anayetaka kufanya hivi mtaani kwake achukue kinachomfaa. Hesabu zote ni za mwaka wa mapato 2025, ambao ritani zake mwisho ni 30 Juni 2026.

4 Oktoba 2025. Kuangalia kwanza

Nimekaa asubuhi tatu katika saiba moja Likoni, karibu na kivuko, kwa idhini ya mwenye duka. Oktoba si msimu, lakini watu huja: wengi wanatafuta kazi na wameambiwa walete cheti cha kuonyesha hawana deni la ushuru, ndipo wanapogundua kwamba ritani ya mwaka uliopita haikujazwa.

Asubuhi ya pili alikuja baba mmoja, mlinzi, na P9 yake ndani ya mfuko wa plastiki. Aliishika kwa mikono miwili kama cheti cha kuzaliwa. Kijana aliitazama, akairudisha mezani, akafaili ritani ya sufuri. Dakika nne, kazi imekwisha. Nilingoja mteja aondoke, nikamuuliza kijana kwa upole kwa nini amefanya vile wakati karatasi ya mshahara iko mbele yake.

"Mzee, kampuni ishamlipia ushuru wake. Yeye hadaiwi kitu. Si ndiyo sufuri?"

Jibu hilo limenifunza kuliko asubuhi zote tatu. Kijana si mvivu. Ana akili, na hoja yake ina mantiki, ila neno limempoteza. Kwake yeye sufuri ni *deni sufuri*. Kwenye iTax, mtandao wa serikali wa kujazia ritani, sufuri ni *mapato sufuri*. Mlinzi yule ametangaza kwamba mwaka mzima hakupata hata ndururu, na huku mwajiri wake ameshapeleka taarifa za mshahara kila mwezi. Tulimpigia simu baba yule, akarudi jioni, tukairekebisha. Ritani hurekebishika hadi miaka mitano baada ya kufailiwa. Wengi hawajui, wakikosea hukata tamaa au huogopa.

Jambo la pili nililoliona ni daftari. Chini ya kaunta pana daftari la shule lenye PIN, nywila na barua pepe za wateja, kurasa na kurasa. Wanalitunza kwa nia njema, maana mteja akirudi mwakani huwa amesahau nywila yake. Lakini likiibwa, mali ya watu imeibwa. Nimeliweka kwenye orodha ya mambo ya kushughulikia.

18 Oktoba 2025. Kijitabu cha kwanza, kimeshindwa

Niliandika kijitabu cha kurasa 16, maneno 62, kwa mpangilio wa alfabeti. Nakala 25, ukurasa shilingi 5: jumla shilingi 2,000. Vijana tisa kutoka saiba sita walikuja kikao cha kwanza.

Hakuna aliyekitumia. Niliwapa P9 ya mazoezi niliyoitunga mwenyewe, nao wakaendelea kujaza kama walivyozoea, kijitabu kimefungwa pembeni. Dada mmoja wa Bamburi aliniambia waziwazi: "Mwalimu, hiki ukikitafuta neno lazima uwe unalijua tayari." Kweli tupu. Alfabeti humsaidia anayejua jina la asichokielewa. Anayejaza ritani hakutani na maneno kwa alfabeti, anakutana nayo kwa mpangilio wa hesabu.

Kosa langu la pili lilikuwa zito zaidi. Nilitumia neno *kodi* kila mahali, kwa kuwa ndilo lililo kwenye vitabu nilivyosoma. Hapa Mombasa kodi ni ya nyumba. Nilipoandika "kodi ya mapato ya kodi", nikiwa na maana ya ushuru unaotozwa mwenye nyumba za kupangisha, chumba kizima kilisimama. Nakala zile 25 zimegeuka karatasi za rafu.

8 Novemba 2025. Kupatana juu ya maneno

Kikao kizima kwa maneno tu, bila kompyuta. Tuliyokubaliana ni haya.

*Ushuru* ni kile kinachokwenda serikalini. *Kodi* tumeiachia nyumba. Rafiki yangu wa Tanga alinikumbusha kwamba kwao ni kinyume: kodi ya mapato, na ushuru ni wa forodha au wa bidhaa. Kwa hiyo ukichukua kazi hii kuvuka mpaka wa Lungalunga, badilisha neno hili kabla ya jingine lolote.

*Ritani* ni taarifa unayopeleka. *Rejesho* ni pesa unayorudishiwa ukiwa umelipa kupita kiasi. Tumelitupa neno *marejesho* kabisa, kwa sababu limekuwa likibeba maana zote mbili. Kijana wa Mtwapa alisimulia mama aliyerudi saiba yake mara tatu kuulizia pesa zake, kwa kuwa mwezi Juni aliambiwa "marejesho yako yamekamilika, mama." Alikuwa amefaili ritani tu. Hakuwa na senti ya kurudishiwa, na nauli ilikuwa inamtoka kila safari.

*Msamaha* ni mapato ambayo sheria imeyaacha bila ushuru. Mfano ulio karibu ni mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha: shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Vijana wawili walikuwa na wateja wenye ulemavu na hawakujua kwamba cheti hicho kipo. Kwa hilo peke yake naona kikao kimelipa.

*Ritani ya sufuri* ni ya asiyekuwa na mapato. Tumeiandika kwa herufi kubwa kwenye manila: KAMA KUNA P9, SI SUFURI.

22 Novemba 2025. Makato na nafuu

Hapa ndipo pesa zinapopotelea, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Kwa Kiswahili cha kila siku, chochote kinachopunguza ni makato. NSSF (akiba ya uzeeni) ni makato, SHIF (bima ya afya ya serikali) ni makato, PAYE (ushuru anaoukata mwajiri kila mwezi) yenyewe ni makato, nafuu (punguzo la ushuru wenyewe) nayo huitwa makato. Kwenye payslip zote zimepangwa safu moja. Lakini kwenye ritani kuna vitu vinavyotolewa kwenye *mapato* kabla ushuru haujapigwa, na vingine vinavyotolewa kwenye *ushuru* baada ya kupigwa. Ukibadilishana nafasi zake, jibu linaharibika.

Tulichora mstari mnene katikati ya ubao. Juu ya mstari tunashughulika na mapato, chini yake na ushuru. Kila neno jipya swali ni lile lile: unakaa juu au chini?

Mfano wa mwezi mmoja, Machi 2025, mshahara ghafi 60,000:

NSSF asilimia 6: 3,600
SHIF asilimia 2.75: 1,650
Ada ya nyumba nafuu asilimia 1.5: 900
Jumla ya makato: 6,150
Mapato yanayotozwa ushuru: 53,850

(mstari)

24,000 za kwanza kwa asilimia 10: 2,400.00
8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: 2,083.25
21,517 zilizobaki kwa asilimia 30: 6,455.10
Ushuru: 10,938.35
Toa nafuu ya mtu binafsi: 2,400.00
PAYE: 8,538.35

Vijana wanne kati ya tisa waliipeleka nafuu juu ya mstari. Walitoa 2,400 kwenye mapato, wakapata 51,450, ushuru 10,218.35, basi. Tofauti ni shilingi 1,680 kwa mwezi, yaani 20,160 kwa mwaka. Mteja anaonekana anadaiwa elfu ishirini asizodaiwa. Wawili walifanya kinyume: walipiga ushuru kwenye 60,000 nzima, kisha wakatoa makato yote na nafuu chini. Wakapata 4,233.35, nusu tu ya ushuru halali. Mteja wa namna hiyo anafurahi leo.

Mmoja alinibishia kwa nguvu kwamba ada ya nyumba ina nafuu ya asilimia 15, nayo ikae chini. Alikuwa na haki ya kubisha: ndivyo ilivyokuwa. Tangu 27 Desemba 2024 nafuu hiyo imeondolewa, na ada yenyewe pamoja na SHIF zimehamia juu ya mstari kama makato kamili. Yeye alikuwa anatumia fomula aliyopewa na rafiki mwaka uliotangulia. Tangu siku hiyo kila karatasi yetu ina mwaka wa mapato juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari. Karatasi isiyo na mwaka tunaichana.

Jambo la kuchanganya bado lipo: jina "nyumba nafuu". Neno *nafuu* limo kwenye jina la ada ambayo si nafuu ya ushuru. Tunaiita *ada ya nyumba* tu.

Bima ya maisha au ya elimu aliyoilipia mteja mwenyewe, hiyo ina nafuu ya asilimia 15 ya malipo, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Inakaa chini. Riba ya mkopo wa nyumba anayoishi, mwisho 360,000 kwa mwaka, inakaa juu. Hizi mbili zilieleweka mara moja, maana mstari ulikuwa umeshakaa kichwani.

13 Desemba 2025. Jedwali la kompyuta na makosa yake

Nimetengeneza jedwali la kuhakiki P9: unaingiza mshahara wa kila mwezi, linakupa PAYE inayotarajiwa. Kulitengeneza kulichukua jioni mbili. Kusaka makosa yake kulichukua wiki.

Kosa la kwanza lilikuwa langu la kizembe. Kwenye safu ya mwaka niliacha nafuu ya 2,400 badala ya 28,800. Kila mteja wa majaribio alitoka anadaiwa 26,400. Dada wa Bamburi ndiye aliyeligundua, kwa sababu deni lilikuwa lile lile kwa watu watatu wenye mishahara tofauti. Alisema, "Deni halifanani hivyo." Nalihifadhi jicho hilo: ukiona tofauti moja kwa watu wengi, tafuta kosa kwenye jedwali, usitafute kwa watu.

Kosa la pili lilijificha. Nilizidisha NSSF ya mwezi kwa 12. Kwa mshahara wa 60,000, 3,600 mara 12 ni 43,200. Lakini P9 ilisema 41,760, na vijana wakaanza kuirekebisha P9 ifanane na jedwali langu! Nilishtuka. Sababu ni kwamba viwango vya NSSF vilibadilika Februari 2025: kikomo cha juu cha mshahara kilipanda kutoka 36,000 hadi 72,000. Januari mtu huyu alikatwa 2,160 tu, kisha 3,600 kwa miezi 11. P9 ilikuwa sahihi, jedwali ndilo lililokosea. Tofauti ya ushuru ni shilingi 432, ndogo, lakini tabia ya kubadilisha tarakimu za mwajiri ingeleta maafa.

Marekebisho: Januari ina safu yake. Na kanuni tumeiandika juu ya jedwali: tarakimu za P9 haziguswi. Zikitofautiana na jedwali, mteja arudi kwa mwajiri wake aulize.

10 Januari 2026. P9 mbili

P9 za kweli zimeanza kuja, na pamoja nazo jambo nililokuwa nalisubiri. Mwalimu mmoja, asubuhi yuko shule ya binafsi, jioni anafundisha chuo. P9 mbili. Kwa ruhusa yake tulipiga hesabu pamoja, tarakimu nimezikadiria ili asijulikane.

Kazi ya kwanza, mapato yanayotozwa ushuru 40,000 kwa mwezi: PAYE 4,383.35. Kazi ya pili, 30,000: PAYE 1,500. Jumla aliyokatwa ni 5,883.35. Lakini sheria inamtazama mtu, haitazami kazi. Mapato yake ni 70,000, ushuru 15,783.35, nafuu moja tu ya 2,400, kwa hiyo alitakiwa kulipa 13,383.35. Pengo ni shilingi 7,500 kila mwezi. Kwa mwaka ni 90,000.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Hakuficha chochote, kila mwajiri alimpa nafuu na ngazi za chini za ushuru kana kwamba ndiye mwajiri pekee. Kijana aliyekuwa akimhudumia alinong'ona kwamba P9 ya pili ingeweza kuachwa nje. Nililikataa hapo hapo mbele ya mteja, bila kumwaibisha kijana. Mwajiri wa pili ameshapeleka taarifa kwa PIN ile ile. Kuiacha nje ni kumwekea mwalimu mtego wa mwaka kesho. Tulichoweza kumfanyia ni viwili. Kwanza, kumwambia mapema. Salio la ushuru linatakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili, si 30 Juni. Wengi hukosea hapa kwa kuwa tarehe ya ritani ndiyo inayotangazwa. Akichelewa, faini ni asilimia 5 ya salio, kwake 4,500, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, 900. Pili, kumwandikia barua ya kumwomba mwajiri wa pili asimpe nafuu tena mwaka huu, ili pengo lipungue.

Baada ya hapo nilikosea kwa pupa. Niliwaambia vijana kila mwenye P9 mbili apewe onyo. Wiki iliyofuata mteja wa Kisauni alitishika bure: alibadilisha kazi Juni, kazi moja ikaisha, nyingine ikaanza. Hakuwahi kupata nafuu mbili katika mwezi mmoja. Sasa swali la kwanza ni kuhusu miezi: weka P9 mbili sambamba, angalia kama kuna mwezi wenye mshahara kwenye zote. Kama haupo, jumlisha tu uendelee.

24 Januari 2026. Zuio, na wenye nyumba

Wasioajiriwa. *Ushuru wa zuio* tumelichukua neno kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania, wasemao kodi ya zuio, kwa sababu linajieleza. Mshauri amelipwa kazi ya 100,000, mteja wake akazuia asilimia 5, mkononi zikafika 95,000. Karibu wote waliandika mapato 95,000. Sahihi ni 100,000 juu ya mstari, na 5,000 chini yake kama ushuru uliokwisha kulipwa, pamoja na namba ya cheti cha zuio. Ukiandika 95,000 unapunguza mapato na pia unaipoteza ile 5,000 yako mwenyewe.

Kwa nyumba za kupangisha, kodi ya kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Bibi mwenye vyumba vitano vya 6,000 analipa 2,250 kwa mwezi. Alitaka kwanza atoe gharama ya kupaka rangi na kuziba bomba. Kwa utaratibu huu hakuna kutoa gharama. Ndiyo maana kiwango ni kidogo. Ilichukua nusu saa kumweleza, na aliuliza maswali mazuri kuliko ya vijana.

Wenye maduka, wanaolipa asilimia 3 ya mauzo, tuliwagusa tu. Neno la kukazia hapo ni *mauzo*, kwamba si *faida*. Wanahitaji kikao chao.

31 Januari 2026. Gharama na ilipofikia

Kijitabu kilichoshindwa: 2,000
Karatasi moja ya pande mbili iliyolaminetiwa, nakala 12 kwa 80: 960
Manila na kalamu: 340
Bando: 500
Chai na mahamri, vikao sita: 2,250
Nauli: 1,200
Jumla: shilingi 7,250

Ile karatasi ya laminesheni ndiyo iliyobaki ya kijitabu chote. Maneno 19, yamepangwa kwa mpangilio wa hesabu, mstari mnene katikati. Ukianza upya, anza na hiyo, uokoe zile 2,000.

Daftari la nywila: saiba nne kati ya sita zimekubali kuyachoma. Mteja anaandika nywila mwenyewe, kijana akigeuza uso, na anaondoka na kijikaratasi chake. Mbili bado zinasita, zinasema wateja wazee watateseka. Hoja yao si ya kupuuzwa. Nimeahidi kukaa saiba ya Likoni Jumamosi zote za Februari nione wazee wangapi wanakwama, kisha tuzungumze tena.

Mlinzi wa Oktoba alipita juzi na P9 ya 2025, bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kijana yule yule aliikunjua, akaiweka chini ya karatasi ya laminesheni, akaanza kushuka nayo kidole kwa kidole. Ilimchukua dakika ishirini na mbili. Salio: sufuri, safari hii chini ya mstari.

Kikao cha wenye maduka kitakuwa 21 Februari.